Texas: neno la Wakado

Jina la jimbo la Texas limetoka katika lugha ya Wakado, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Kwao "taysha" ni rafiki, mtu wa upande wako. Wahasinai, tawi la Wakado waliolima mahindi na maharage mashariki mwa Texas ya leo, waliwaita hivyo washirika wao. Wahispania walilisikia neno, wakaliandika Tejas, kisha wakalifanya jina la watu wenyewe na la nchi yao.

Mwaka 1690 mapadri wa Kihispania walianzisha huko misheni ya San Francisco de los Tejas. Walipokewa vizuri. Ndui ikafuata, ikaua watu wengi mno, na wenyeji wakaanza kuyashuku maji ya ubatizo, maana mahututi waliobatizwa walikufa. Nani angewalaumu? Mwaka 1693 uhasama ulipozidi, Wahispania waliichoma misheni yao wenyewe wakaondoka.

Jina lilidumu kwenye ramani hata wenye neno walipoondolewa. Mwaka 1859 Wakado waliokuwa Texas walihamishiwa Oklahoma ya leo. Makao makuu ya taifa lao yako karibu na Binger, na wazao wao wanapigania kuifufua lugha yao.