Kashasha, Dada na Kibanja

Duniani, Kashasha inajulikana kwa kicheko. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni kijijini hapo, leo wilayani Muleba, walianza kucheka na kulia wakashindwa kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Kisa hicho kimeandikwa mno. Kashasha hiyohiyo ina jambo zito zaidi la kutufundisha: namna ya kumsoma dada aliyesoma, yule mhusika anayerudi tena na tena katika riwaya zetu.

Wengi humkumbuka kwanza Rosa, binti mkubwa wa Zakaria na Regina katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), riwaya ya Ukerewe, katika Ziwa Viktoria hilihili la Muleba. Rosa anafika hadi chuo cha ualimu, lakini elimu haimwokoi. Wachambuzi wamelijadili sana suala la malezi. Ukimtazama ukiwa Buhaya, nchi ya Wahaya iliyo na Kashasha, unauliza jingine: angerudi nyumbani, angesimama kwenye ardhi ya nani?

Kuanzia Kibeta mjini Bukoba hadi Muleba, uhai wa familia ni kibanja: migomba, kahawa na makaburi ya wazee mahali pamoja. Kwa mila, na kwa Amri ya Sheria za Mila ya 1963, binti aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila si kuiuza.

Shule ilimpa mali ambayo ukoo haukuweza kuidai. Barbro Johansson, Mswidi aliyefika Bukoba mwaka 1946, alikuwa mwalimu mkuu wa Kashasha, na baadaye mbunge. Watu walimwita Mama Barbro. Anna Tibaijuka, aliyezaliwa Kagabiro, Muleba, mwaka 1950, alisomea uchumi wa kilimo Uswidi, akaongoza BAWATA, baraza la wanawake la Tanzania, kisha UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi. Shule ya wasichana aliyoianzisha Dar es Salaam ina jina la Mama Barbro.

Hata hivyo, kibanja hakikugombewa darasani. Agosti 1988 Holaria Pastory, mwanamke mzee asiye na wa kumtunza, aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Kesho yake mtu wa ukoo alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda. Holaria akakata rufaa Mahakama ya Wilaya Muleba, akashinda yeye. Mtu wa ukoo naye akakata rufaa, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mila ya kumnyima mwanamke haki ya kuuza inapingana na Katiba.

Kwa hiyo anayemsifu dada wa riwayani kwa uvumilivu tu anampunja. Holaria hakuvumilia, alikata rufaa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Amri ya 1963 haikufutwa, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliitaka Tanzania iifute au iirekebishe.