Hongo ya Suwarora

Mwambie kijana wa Dar es Salaam "twende Makumbusho", kwanza atafikiria kituo cha daladala. Ukimfafanulia kwamba unamaanisha mahali panapohifadhiwa mambo ya kale, atakutajia jumba la Mtaa wa Shaaban Robert, lililofunguliwa mwaka 1940, au kile Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili. Hajakosea. Ila tumezoea kwamba historia lazima iwe na kabati la kioo, kijikaratasi cha maelezo na mtu wa kukata tiketi mlangoni. Pasipo na hivyo tunasema hapana kitu.

Basi mimi nilipofunga safari ya Kagera, sikwenda Bukoba wanakoishia wageni wengi. Nilitaka Biharamulo na Ngara, huku magharibi kabisa, ambako malori ya Kigali na Bujumbura yanapita usiku na mchana na abiria wengi wanasinzia tu wakingoja mpaka.

Biharamulo ukiuliza historia iko wapi, unaelekezwa bomani. Na kweli boma lipo: kuta nene zilizopakwa chokaa, kazi ya Wajerumani ya mwanzoni mwa karne ya 20. Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yakauchukua mji huu, kisha Waingereza wakarithi nchi. Miaka mingi jengo hilo limelaza wageni. Ni zuri, sikatai. Lakini jamani, boma hili ni mtoto mdogo! Kabla halijawekwa jiwe la kwanza, palikuwa na ufalme hapa. Wenyeji ni Wasubi, na watu wa misafara waliiita nchi yao Usui.

Mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake Grant walipita Usui wakienda Karagwe kwa Rumanika, wakitafuta chanzo cha Nile. Mfalme wa Usui aliitwa Suwarora. Kabla ya kuruhusiwa kupita, Speke alidaiwa hongo: nguo, shanga na masango ya shaba nyeupe na nyekundu. Alilipa, akadaiwa tena, akalipa tena. Suwarora mwenyewe hakujitokeza; mambo yote yalipitia kwa wakubwa wake. Speke alipotoa kitabu chake mwaka 1863, akamchora Suwarora kama mlevi mwenye tamaa anayewakamua wasafiri.

Sasa ndugu msomaji, tulia hapo kidogo. Hongo siku zile ilikuwa nini? Ilikuwa ada ya njia. Msafara wa watu wengi unaingia katika nchi ya mtu na bunduki zake. Unakata kuni, unachota maji, unataka chakula na ulinzi. Mwenye nchi anadai chake. Leo lori likifika mpakani Rusumo, karatasi zinapigwa mhuri na kinacholipwa kinalipwa, na hakuna anayeandika kitabu kumwita ofisa forodha mnyang'anyi. Inawezekana kweli Suwarora alizidisha bei. Hata forodha za leo watu huzilalamikia. Lakini kudai kwenyewe ilikuwa haki ya mtawala.

Angalia neno lenyewe lilivyokwenda. Leo ukisema "hongo" kila mtu anaelewa rushwa, pesa ya chini ya meza. Maana ya ada ya halali imebaki vitabuni. Sisemi kwamba Speke ndiye aliyeligeuza, maana maneno yana safari zake. Ninachosema ni kwamba ukisoma habari za mwaka 1861 kwa sikio la leo, tayari umeshamhukumu Suwarora kabla hujafika ukurasa wa pili. Na upande wake haukuandikwa. Aliyekuwa na kalamu ndiye aliyeshinda kesi.

Kesi hizo ziko nyingi. Tuchukue chuma. Kati ya Biharamulo na Geita waliishi Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma. Walijenga tanuru la udongo, wakapanga makaa na mawe ya chuma, wakapuliza kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo, huku wakishika miiko na kuimba nyimbo za kazi. Kilichotoka kilifuliwa kikawa jembe, na jembe katika nchi hizi halikuwa la kulimia tu. Lilibebwa kuuzwa mbali na hata kutolewa mahari. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipojaa sokoni, matanuru yakazimika. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 watafiti waliwaomba wazee wawashie tanuru tena, na wazee wakafanya kwa kukumbuka. Hebu fikiria: kiwanda kizima kimehifadhiwa ndani ya vichwa vya wazee wachache! Shuleni tunafundishwa kwamba teknolojia ilikuja na meli.

Kutoka Biharamulo unashika barabara ya Lusahunga na Nyakahura, nchi inaanza kupanda na kushuka, migomba inaongezeka, umeingia Ngara. Hapa kuna Washubi, ndugu wa karibu wa Wasubi kwa jina na historia, na kuna Wahangaza wa Bugufi. Kaa sokoni usikilize Kihangaza: Mrundi atakielewa bila mkalimani. Si ajabu, maana Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Baada ya vita, Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi, Bugufi ikabaki Tanganyika. Ng'ombe, migomba na makaburi ya mababu havikusogea hata hatua moja. Mstari ndio uliosogea.

Huko Burundi neno ingoma ni ngoma ya kupigwa na pia ni ufalme wenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika. Nikajiuliza: upande huu wa mstari, kwa watu wa lugha ileile, nani anaorodhesha? Mwaka 1963 serikali yetu iliondoa mamlaka ya machifu, kwa sababu za umoja ambazo zinaeleweka. Lakini kuondoa cheo si lazima kusahau jina la ngoma.

Nikamalizia Rusumo. Mto Kagera unaanguka hapo kwa kishindo, na daraja linavuka kwenda Rwanda. Mei 1894 Mjerumani von Götzen alivukia huku kuingia Rwanda, na vitabu vinamtaja. Miaka 100 baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kuja kwetu katika muda wa saa 24 hivi, wakikimbia Rwanda ya mauaji ya kimbari. Kati yao walikuwemo wasio na hatia na walikuwemo wauaji. Ngara ikawapokea. Kambi ya Benaco, iliyopata jina kutoka kwa kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Desemba 1996 wakarudishwa. Mwaka 1995 ikaanzishwa Redio Kwizera hapo Ngara, na kwizera maana yake ni kutumaini.

Leo Benaco ni njia panda. Abiria wanashuka, wananunua ndizi, wanaendelea. Lakini mwenye umri wa miaka arobaini hapo ameyaona kwa macho yake. Alishirikiana kisima na wageni hao, aliona miti ya kijiji ikigeuka kuni. Habari za Benaco zimeandikwa Geneva na New York, kurasa kwa kurasa. Za mwenye kisima je?

Vijana wenzangu mnaojifunza kuandika, hapa ndipo kazi ilipo. Tusingoje jengo. Chukua daftari, mwamkie mzee, kaa chini. Usimuulize tu "zamani mliishije?", atakujibu "vizuri" mkaachana. Muulize ngoma hii iliitwaje, jembe lilibadilishwa kwa mbuzi wangapi, mwaka 1994 ulilala wapi usiku ule. Andika na jina la kitu kwa lugha yake, Kihangaza, Kisubi, Kishubi, ndipo ulieleze kwa Kiswahili. Speke alikaa Usui wiki kadhaa tu, na mpaka leo tunamjua Suwarora kwa maneno yake. Wajukuu wa Suwarora wako palepale.