Kambi na Chimbuko la Tuzo za Vijana

Kambi ilitangulia tuzo. Mwaka 1907 Robert Baden-Powell aliwakusanya wavulana wapatao 20 kisiwani Brownsea, Uingereza, wakalala mahemani na kujifunza kupika, kufuata nyayo na kuokoa maisha. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, aliongeza kipimo: kijana ashindane na udhaifu wake, si na mwenzake. Mwaka 1941 alishiriki kuanzisha Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ambako mabaharia vijana walifunzwa kustahimili bahari. Wazo hilo ndilo lililozaa, mwaka 1956, Tuzo ya Duke wa Edinburgh, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Wasichana walifunguliwa mlango mwaka 1958.

Kwa mfano huo, Kenya ilianzisha Tuzo ya Rais mwaka 1966. Hapa kambi ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa safari ya kujitegemea, ambayo ni sehemu ya tuzo, haifundishiki darasani. Kambini kijana husoma ramani na dira, hupanga chakula na mzigo, hufunga jeraha, na, jambo gumu kuliko yote, huvumiliana na wenzake waliochoka. Ngazi ya dhahabu hudai safari ya siku 4, pamoja na makazi ya siku 5 miongoni mwa watu asiowazoea.