Sasisho Lililozuiwa, Lililokwama na Lililositishwa

Laare, mji wa miraa katika Igembe Kaskazini nchini Kenya, unalijua neno “kuzuiwa” kwa uchungu. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza iliharamisha miraa. Machi 2020 Somalia nayo ikasimamisha kuipokea, na ikaifungulia tena Julai 2022. Katika vipindi hivyo mkulima angechuma mapema au kufunga mzigo vizuri namna gani, soko halikumfungukia, kwa kuwa uamuzi ulitolewa mbali naye. Gari la miraa linalozama matopeni jirani na Mutuati ni habari nyingine: hilo limekwama, na abiria hushuka wakasukuma. Na tajiri akimwambia dereva asiondoke kwanza, mzigo haujatimia, safari imesitishwa na mwenyewe.

Vitenzi hivyo vitatu ndivyo vinavyohitajika kompyuta ya nyumbani inapokataa kusasishwa. Kwa kawaida mwenye kompyuta humwambia fundi neno moja tu: “Imegoma.” Neno hilo halimsaidii fundi, kwa maana kila moja kati ya hali hizo tatu ina tiba yake, na tiba ya moja ikitumiwa kwa nyingine hupoteza bando na pengine faili.

Istilahi yenyewe imejengwa vizuri. Kama “sahihi” ilivyozaa “sahihisha”, ndivyo “sasa” ilivyozaa “sasisha”, yaani kukifanya kitu kiende na wakati wa sasa. Kinachopokelewa kikaitwa “sasisho”. Anayetumia simu kwa Kiswahili huliona neno hilo kwenye duka la programu, kwenye kitufe cha “Sasisha”. Tanzania husikika pia “kuhuisha”, hasa kwa taarifa na kumbukumbu, na ni neno zuri. “Kuboresha” ndilo linalopotosha, kwa kuwa sasisho la kila mwezi mara nyingi halileti jambo jipya la kuonekana kwa macho. Huziba tundu. Microsoft hutoa viraka vya usalama vya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, na uzito wa viraka hivyo ulionekana 2017. Kiraka cha tundu moja kilitolewa tarehe 14 Machi; tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilohilo, kikafunga faili za kompyuta ambazo hazikuwa zimesasishwa na kudai fidia, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza. Miezi miwili ilitosha kabisa kujikinga, kwa yeyote ambaye sasisho lilimfikia.

Linalositishwa ndilo jepesi kutibu, na katika nyumba zinazotegemea bando la simu ndilo la kuangaliwa kwanza. Windows humruhusu mtumiaji kusitisha masasisho hadi siku 35. Vilevile mtandao unaweza kuwekewa alama kuwa ni wa kupima data, na hapo baadhi ya masasisho hayapakuliwi kabisa. Mara nyingi alama hiyo huwekwa kwa nia njema, ili kompyuta isimeze bando la wiki kwa usiku mmoja, kisha ikasahaulika. Ukiiondoa kwa saa chache mahali penye intaneti isiyopimwa, masasisho yanashuka yenyewe.

Kukwama kunataka uchunguzi. Msimbo 0x80070070 maana yake ni moja: diski imejaa. Laptopu ndogo zenye hifadhi ya GB 32 hufikwa na hali hii mara kwa mara, na dawa ni kuhamisha picha na video kwenye diski ya nje na kufuta faili za muda. Ikiwa nafasi ipo na bado upakuaji unafia njiani, huenda faili zilizopakuliwa nusu zimeharibika, pengine stima ilipopotea. Fundi husimamisha huduma ya masasisho, hufuta yaliyomo katika folda ya Download iliyo ndani ya SoftwareDistribution, kisha huiwasha huduma upya ili ianze kupakua tangu mwanzo.

Kuna pia saa ya kompyuta. Kompyuta ya zamani, hasa iliyotumika ng'ambo kabla ya kufika huku, huwa na betri ndogo ya CR2032 iliyokwisha nguvu. Kila inapozimwa na kuchomolewa, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Seva za masasisho hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko katika mwaka mwingine huvikataa vyeti hivyo. Aliyeitazama ile pembe ya chini ya skrini kabla ya kufungua kitu kingine chochote ameokoa nusu saa.

Si kila kukwama ni kosa la mwenye mashine. Januari 2024 sasisho la KB5034441 liligoma kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 kwa msimbo 0x80070643. Diski zilikuwa na nafasi tele, ila kile kipande kilichotengwa kwa ajili ya ukarabati kilikuwa chembamba. Sasisho lilitaka MB 250 zilizo wazi humo. Watu walifuta picha zao bure.

Kisha kuna kuzuiwa kwenyewe. Microsoft ikigundua kwamba toleo jipya linagongana na programu au kifaa fulani, huwazuilia wenye nacho mpaka kasoro itengenezwe. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, lilizuiliwa kwa muda kwenye kompyuta zilizokuwa na baadhi ya michezo ya Assassin's Creed. Hapo kulilazimisha toleo liingie ni kujitafutia balaa. Lifaalo ni kungoja.

Zuio gumu zaidi ni la umri. Windows 11 hudai kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa iliyo katika orodha yake, na laptopu nyingi za “ex-UK”, yaani zilizotumika kwanza Uingereza, hazimo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, nambari ya kijenzi itajitokeza. Ikiwa hakionekani, huenda kimezimwa tu katika mipangilio ya BIOS. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Anayejiandikisha katika mpango wa nyongeza hupata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, na anayehifadhi nakala ya mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft halipi kitu. Baada ya hapo mashine isiyokubalika inaweza kuwekewa Linux, ambayo ni bure na hutoa masasisho yake hata kwa kompyuta zenye umri huo.