Nyumba ya Likizo na Nyumba ya Baba

Kila Jumamosi ya Julai na Agosti, saa nne asubuhi, familia moja inatoka katika nyumba ya mawe huku Ardèche, kusini mwa Ufaransa. Saa kumi jioni familia nyingine inaingia. Katikati ya saa hizo sita nyumba ni yangu. Natoa shuka na foronya kwenye vitanda vinane, nasugua bafu mbili, nafagia chini ya meza ya nje. Kisha nachukua wavu wenye mpini mrefu na kuokota majani na nyigu waliokufa juu ya maji ya bwawa la kuogelea, lile ambalo sisi Wakongo tunaliita pisini. Napima klorini, nafunga kigeti, naacha ufunguo ndani ya kisanduku chenye namba za siri. Wageni wenyewe mara nyingi sionani nao. Nawajua kwa vitu wanavyosahau: kandambili moja, kitabu cha hadithi, mdoli wa mtoto.

Nilifika huku kwa karatasi za kuunganisha familia, maana mke wangu alitangulia. Yaya wangu yeye bado yuko Nyarugusu, Tanzania. Siku moja nilimtumia picha ya nyumba hiyo. Akanipigia simu palepale. "Hiyo nyumba ni ya nani, na mbona haina mtu?" Nikamweleza kwamba inapangishwa kwa juma moja moja, watu wanakuja na watoto wao kupumzika. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo huko kuna watu wanalipa ili wakae mbali na kwao?"

Tulicheka sana. Halafu akaniambia jambo ambalo ndilo alilotaka kusema tangu mwanzo. Kuna mtu huko Baraka anataka kununua nyumba ya baba. Anatoa bei ndogo, lakini anatoa leo. "Nyumba haina mtu," yaya akasema. "Mabati yameanza kung'olewa. Tuuze, tusiuze? Nataka neno lako."

Sikuwa na neno. Nikamwomba muda. Katika muda huo nikaanza kuuliza habari za nyumba ninayoifagia, maana swali la yaya lilikuwa limenikaa kichwani: mbona haina mtu?

Mwenye nyumba ni mama mzee anayeishi kijiji cha pili. Namwita Madame, kama inavyotakiwa huku, na yeye naye hajaacha kuniita Monsieur, hata akiniona na ndoo mkononi. Nilipomuuliza, alinipandisha hadi chumba cha juu, kile kirefu ambacho watoto wa wageni wanalala. Akanionyesha kona zake. Kila kona ina alama nyeusi ya moto wa zamani. "Unadhani hapa walilala watu?" akasema. "Hapa walilala viwavi."

Kumbe nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya hariri. Huku Ardèche, tangu miaka ya 1600 na zaidi, watu walipanda miforosadi, miti ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri. Olivier de Serres, bwana shamba mashuhuri wa mkoa huu, ndiye aliyeuhimiza sana ufugaji huo, na mforosadi ukaja kuitwa mti wa dhahabu. Viwavi wanataka joto, ndiyo sababu ya zile meko katika kona. Familia ilijibana chini, viwavi wakapewa chumba kizuri. Uzi ulisokotwa katika viwanda vidogo vilivyoendeshwa na maji ya mito, kazi ya wanawake na wasichana, kisha ukapelekwa Lyon kufumwa vitambaa.

Katikati ya karne ya 19 viwavi wakaanza kufa. Ugonjwa uliitwa pébrine, kwa sababu ya madoa meusi kama punje za pilipili manga mwilini mwao. Serikali ilimtuma Louis Pasteur, yule mwanasayansi wa chanjo, kwenda Alès mwaka 1865 kuutafiti, na baada ya miaka kadhaa aliwafundisha wafugaji kuchagua mayai safi kwa darubini. Lakini hariri ya Asia ilikuwa imeshaingia sokoni kwa bei ndogo. Mizabibu nayo ikaliwa na mdudu anayeitwa phylloxera. Kule Lyon na Saint-Étienne viwanda na migodi vilikuwa vinatafuta mikono. Watu wakafunga mizigo.

Halafu ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Ufaransa ilipoteza wanajeshi wapatao milioni 1.3 na zaidi. Katika kila kijiji huku kuna mnara wa mawe wenye majina yao. Kijiji hiki ni kidogo, lakini nilipoyasoma yale majina niliona ukoo mmoja umerudiwa mara nne. Mwaka 1861 mkoa wa Ardèche ulikuwa na watu karibu 388,000. Mwaka 1954 walikuwa wamebaki kama 250,000. Hakuna aliyewaita wakimbizi wale walioondoka. Hawakukimbia risasi, walikimbia njaa ya polepole. Ila mlango uliofungwa unafanana na mlango mwingine uliofungwa. Paa likikosa mtu wa kurudisha kigae kimoja, mvua inaingia, boriti inaoza, na baada ya miaka michache mti unaota sebuleni.

Sasa tuje kwenye likizo. Sisi Wakongo tunasema konje, neno tuliloachiwa na Wabelgiji, lakini wengi wetu hatukuwahi kulipwa tukiwa tumekaa. Hata hapa Ufaransa si jambo la zamani sana. Mwezi wa Juni 1936, baada ya migomo mikubwa ya wafanyakazi, serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya kuwapa wafanyakazi wote majuma 2 ya likizo yenye malipo. Naibu waziri mmoja, Léo Lagrange, akaweka tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40 ili wafanyakazi waweze kusafiri. Majuma yakaongezeka: la 3 mwaka 1956, la 4 mwaka 1969, la 5 mwaka 1982. Mfanyakazi wa kiwanda akawa na siku, akawa na nauli, lakini hoteli ya ufukweni ilikuwa ya matajiri. Alale wapi?

Jibu lilitoka milimani. Seneta mmoja wa mkoa wa Basses-Alpes, Émile Aubert, alikuwa anaona vijiji vyake vinakufa. Akafikiri hivi: mjini kuna familia zisizo na pahali pa kupumzikia, kijijini kuna nyumba zisizo na watu. Mkulima apewe msaada wa fedha kutengeneza nyumba au banda lake lililoachwa, kisha alipangishe kwa familia za mjini kwa bei ya chini. Fedha ya kodi imsaidie kubaki kijijini. Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1951 katika kitongoji cha Chaudol, La Javie. Ikaitwa gîte, neno la Kifaransa la pahali pa kulala, hata pa sungura porini. Mwaka 1955 likaundwa shirikisho la nchi nzima, Gîtes de France, ambalo liko hadi leo.

Nataka msomaji aliyeko Nyarugusu au Nakivale alione jambo hili vizuri. Ile nyumba ya likizo haikuanza kama anasa. Ilianza kama njia ya kumzuia aliyebaki asiondoke. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa mtu wa palepale, aliyekuwa na mbuzi wake na bustani yake, na ambaye mvua ikinyesha usiku alijua ni kigae kipi kinavuja.

Baba yake Madame alikarabati nyumba yao katika miaka ya 1960. Mwanzoni ilikuwa na bomba moja tu la maji, jikoni. Wageni walioga kwenye beseni na walifurahi, anasema. Pisini ilichimbwa baadaye sana, pale ambapo mama yake alilima viazi. "Bila pisini siku hizi hakuna anayekuja," aliniambia, kama mtu anayeomba radhi kwa wale waliolima viazi. Leo Ufaransa ina mabwawa ya binafsi zaidi ya milioni 3. Watoto walikuwa wanazama, ndiyo maana sheria ya Januari 2003 inadai kila bwawa lililochimbwa ardhini liwe na uzio, au kifuniko, au banda la kulifunika, au kengele ya hatari. Kile kigeti ninachokifunga kila Jumamosi kimewekwa na sheria hiyo. Mwaka 2022 ofisi ya kodi ilitangaza kwamba, kwa picha za angani zilizosomwa na kompyuta, imegundua mabwawa zaidi ya 20,000 yasiyoandikishwa katika mikoa 9, Ardèche ikiwemo. Nilipomsimulia yaya, akasema, "Basi wawaazime hiyo kompyuta watu wa Baraka, iwaonyeshe mabati yetu yamekwenda wapi."

Mwaka huohuo kulikuwa na ukame mkali. Vijiji zaidi ya 100 vya Ufaransa vilikosa maji ya bomba, na pahali pengi ikakatazwa kujaza bwawa. Nilisimama na wavu wangu, nikakumbuka foleni ya madumu pale Nyarugusu, na nikaona haya bila kujua ni haya ya nani.

Kuna kisa kimoja zaidi, nacho ndicho kilichonigusa kuliko vyote. Ukipanda milima kutoka huku unafika kwenye uwanda wa juu, katika mkoa jirani wa Haute-Loire, kwenye mji mdogo unaoitwa Le Chambon-sur-Lignon. Tangu mwisho wa karne ya 19 watoto wa wafanyakazi wa Saint-Étienne walipelekwa kule wakati wa joto kupata hewa safi. Wenyeji walizoea kupokea wageni, wakawa na nyumba za kupangisha, pensheni ndogo ndogo na nyumba za watoto. Kiangazi zilijaa, baridi ikija zilikuwa tupu.

Vita ya pili ilipofika, wakimbizi walianza kupanda kwenye uwanda ule: Wahispania waliokimbia Franco, Wajerumani waliomkimbia Hitler, kisha Wayahudi wengi, watoto wakiwa wengi zaidi. Mchungaji André Trocmé na mwenzake Édouard Theis waliwahimiza waumini wao kuwapokea. Walilala wapi? Katika vitanda vya likizo. Wakulima nao waliwachukua. Si wote waliopona. Tarehe 29 Juni 1943 polisi wa Kijerumani walivamia nyumba ya wanafunzi iliyoitwa Maison des Roches, wakawakamata vijana, na Daniel Trocmé, jamaa wa mchungaji aliyeisimamia nyumba hiyo, akakamatwa nao. Alikufa katika kambi ya Majdanek mwaka 1944. Lakini wengi waliishi, na mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli iliwatunukia heshima wakaaji wa Le Chambon na vijiji vya jirani.

Nilikwenda kule kwa basi. Ni mji wa kawaida, wenye duka la mkate na kanisa la mawe. Nilisimama mbele ya kanisa nikiwaza kwamba kitanda hakijui kama anayelala ni mtalii au mkimbizi. Anayejua ni mwenye ufunguo.

Nisiwadanganye, mambo hayakuishia vizuri kila pahali. Leo nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa mbali. Kijana wa kijiji anayetaka kuoa hapati pa kupanga, kwa sababu juma moja la Agosti linamlipa mwenye nyumba vizuri kuliko mpangaji wa mwezi mzima. Novemba 2024 bunge lilipitisha sheria inayowapa mameya nguvu zaidi ya kuweka mipaka. Mwezi wa Januari napita kijijini jioni, madirisha yamefungwa upande huu na upande ule, na moshi unatoka kwenye paa tatu tu. Nyumba zote zina mabati, yaani vigae, na hazina watu. Kwa hiyo fedha ya wageni inaweza kuokoa paa na isiokoe kijiji.

Baada ya hayo yote nikampigia yaya. Nikamwambia tusiuze, lakini pia tusiiache tupu tukingoja siku ya kurudi, maana hiyo siku hatuijui, na mvua haitungojei. Pale Baraka kuna shangazi yetu, mjane, anayepanga chumba kimoja na wajukuu wanne. Aingie yeye. Asilipe kitu. Mimi nitatuma fedha ya mabati kutoka kwenye hizi Jumamosi. Tuandike karatasi mbele ya chifu na mashahidi, iseme parseli ni ya watoto wa marehemu baba, na shangazi ndiye mwenye ufunguo.

Yaya akafikiri. "Na sisi tukirudi?"

"Tukirudi tutabisha hodi," nikamwambia.

Akanyamaza tena, kisha akauliza kama shangazi tumpatie na chumba cha baba, au tukifunge. Nikakumbuka kile chumba kirefu cha juu, na zile kona nyeusi.

"Mpatie," nikasema. "Awashe moto humo."