Bunduki Iliyozaliwa Kutia Miti Alama

Kabla mti wa mbao haujakatwa, mtu lazima autie alama. Katika misitu ya Michigan, kaskazini mwa Marekani, bwana misitu alizunguka na kopo la rangi mti kwa mti, na kijito au kichaka cha miiba kikimkatiza njia, kazi ilisimama. Kampuni ya Nelson, iliyokuwa ikiuza rangi za misituni tangu 1940, ilitaka rangi hiyo ifike pale ambapo mkono haufiki. Jibu lilitoka kwa watengenezaji wa dawa: kidonge cha jelatini, laini kama vile vya mafuta ya samaki, kikajazwa rangi badala ya dawa. Mwaka 1972 kampuni ya Daisy, maarufu kwa bunduki za upepo, ilitengeneza Nel-Spot 007 ya kurushia vidonge hivyo, kwa ubunifu wa James Hale. Wafugaji nao wakainunua, wakawatia ng'ombe alama wakiwa nje ya zizi. Kwa asili hiyo, wachezaji wengi wa paintball, mchezo wa kurushiana vidonge hivyo vya rangi, mpaka leo hawapendi kuiita bunduki. Kwao ni kitia alama.

Mchezo ulikuja kwa njia ya ubishi. Hayes Noel, mfanyabiashara wa hisa, na rafiki yake Charles Gaines, mwandishi, walibishana ni nani angesalimika porini: mtu wa mjini au mtu wa shamba. Walipooneshwa Nel-Spot kwenye katalogi ya vifaa vya kilimo, wakaona mwamuzi amepatikana. Tarehe 27 Juni 1981, wao na mwenzao Bob Gurnsey wakiwemo, walikusanyika watu 12 katika msitu wa Henniker, New Hampshire. Kila mmoja alikuwa peke yake, akitafuta bendera zilizofichwa. Aliyeshinda ni Ritchie White, bwana misitu. Alizichukua bendera zote bila kufyatua risasi hata moja.

Ushindi huo una maana ukiijua silaha yenyewe. Ili kupiga, mchezaji aliiinamisha Nel-Spot kidonge kibingirike hadi mahali pake, akaivuta boliti kwa mkono, ndipo akafyatua. Gesi ilitoka kwenye kichupa kidogo cha kaboni dioksidi cha gramu 12, kilichotobolewa ndani ya bunduki. Kwa risasi inayopatikana kwa taabu namna hiyo, mtu hupiga akiwa na uhakika. Na rangi ilikuwa ya mafuta: haikutoka mwilini wala kwenye mtutu ila kwa tapentaini.

Hatua iliyofuata ilisukumwa na sheria. Huko Fort Wayne, Indiana, familia ya Tippmann ilikuwa ikitengeneza bunduki za rashasha za kweli kwa umbo la nusu, za wakusanyaji. Mwaka 1986 sheria ya Marekani ikafunga mlango wa kuwauzia raia bunduki mpya za rashasha. Wakageukia rangi, wakatoa SMG 60, iliyomimina vidonge mfululizo na kulishwa kwa vishikizo vya risasi tano tano. Kwa hiyo magazini, kisanduku cha kulishia bunduki risasi, si jambo jipya katika mchezo huu, ingawa vijana wengi wanaoishika leo hudhani ni mtindo wa juzi.

Lakini magazini ilikaa kando kwa muda mrefu. Wachezaji walitaka wingi, na wingi ulipatikana kwenye hopa, lile bakuli la plastiki linalokaa juu ya bunduki na kubeba vidonge kama 200. Katika miaka ya 1990 zikaingia bunduki za betri, Angel ya Uingereza ikiwa miongoni mwa zilizosifika sana, na risasi zaidi ya kumi kwa sekunde likawa jambo la kawaida. Mchezo ulipata kasi, ukapoteza subira. Anayemimina hivyo hana haja ya kulenga, na asiye na fedha za katoni nzima ya vidonge anajiona hana nafasi uwanjani.

Ndipo magazini ikarudi. Bastola kama Tiberius T8 ilibeba vidonge vinane, na kichupa cha gesi kikikaa ndani ya magazini hiyo hiyo. Baadaye ikaja risasi ya First Strike: mbele nusu duara yenye rangi, nyuma mkia wenye mapezi unaoizungusha hewani ili iende mbali bila kuyumba. Risasi yenye kichwa na mkia haiwezi kubingirika hopani ovyo. Lazima ipangwe, na cha kuipanga ni magazini.

Mwenye vidonge vichache hawezi kupoteza hata kimoja, hivyo matunzo ndiyo nusu ya mchezo wake. Kosa linaloonekana mara nyingi ni magazini kujazwa usiku wa kuamkia mechi. Springi inavibana vidonge mpaka asubuhi, jelatini inabonyea, na kidonge kilichokuwa mviringo kinapasukia ndani ya mtutu. Rangi ya siku hizi, ashukuriwe aliyeibadilisha, hutoka kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa. Vipande vya ganda ndivyo vya kuwindwa, hasa karibu na boliti, maana kipande kikikauka pale kidonge kinachofuata nacho hupasuka.

Kinachohitaji jicho la karibu zaidi ni oringi, pete ndogo za mpira zinazozuia gesi. Kaboni dioksidi ikigeuka kutoka kimiminika kuwa gesi hupoa vikali. Ukipiga haraka haraka utaona bunduki inatoka jasho baridi, mwendo wa risasi unashuka, na mpira unakakamaa. Tone moja la mafuta maalumu kwenye ncha ya kila kichupa kabla ya kukitoboa huzifikia pete hizo pamoja na gesi. Usitumie dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu, kwani hula mpira. Mchezo ukiisha, toa kichupa, ili pete zisilale zimebanwa.

Mwisho ni mwendo. Viwanja vingi haviruhusu kupita futi 300 kwa sekunde, kama mita 91. Mwendo huo hupimwa kwa kipimo maalumu kabla ya mechi, kwa vidonge vile vile vitakavyotumika siku hiyo, na hurekebishwa kwa alenki kwenye skrubu ya bunduki, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Kidonge cha gramu tatu kwa mwendo huo kinatosha kupofusha jicho. Ukinunua bunduki iliyotumika, badilisha oringi zote, pima mwendo, na usiivue barakoa yako mpaka kila mtutu uwanjani uwe umefunikwa.