Baleti za mseto?

Baleti kadhaa fupi zikirekodiwa kuwa onyesho moja, tuliite nini? Wengi watakimbilia "mseto". Neno hilo linatokana na kuseta, yaani kuponda hadi kitu kilainike, na aliyekula mseto wa mchele na choroko anajua kwamba ukiiva barabara vyote huwa kitu kimoja. (Serikali ya mseto ya Kenya ya 2008 nayo iliitwa hivyo, ingawa choroko zake hazikuiva.)

Sasa itazame filamu ya Uingereza ya 1963, An Evening with the Royal Ballet. Mna Les Sylphides ya Fokine, muziki wa Chopin, mavazi meupe, kisa hakuna. Mna La Valse ya Ashton, iliyokuwa na miaka mitano tu wakati ule, na arusi ya Aurora, tamati ya The Sleeping Beauty ya 1890. Halafu kipande cha wawili cha Le Corsaire: Rudolf Nureyev anaruka juu, na Margot Fonteyn, aliyemzidi umri kwa karibu miaka 19, anazunguka kwa ncha ya mguu mmoja. Hicho ndicho kilichonifanya nirudishe mkanda nyuma. Hapo hakuna kilichosetwa. Kila baleti ina mtungaji wake na dunia yake.

"Diwani" lingependeza, ila limeshikwa na washairi. Mimi naandika "mkusanyiko wa baleti fupi", na mhariri akibana nafasi, "baleti fupi" linatosha.